Mzee Anayefagia Ndani ya Bwawa

Lindoni, 4 Agosti

Shikamoo baba,

Natumaini u mzima wa afya na goti limekupa nafasi. Mimi sijambo, ila vumbi. Bwawa limekwisha, baba. Mvua zimekosa tena, na pale mpaka ulipokuwa maji sasa mtu anavuka kwa miguu. Sisi tunasema ng'ambo wametuibia maji, wao wanasema wezi ni sisi, na kila upande umeleta mizinga.

Katikati umetokea mji mzima, kuta na ngazi za shule. Kila asubuhi mzee mmoja mwenye kofia anafagia mlangoni huku akichechemea. Tukienda kuangalia, hatuoni hata unyayo. Mkuu wetu anasema ni jasusi. Mimi naogopa tu.

Mwanao


12 Agosti

Marahaba binti yangu,

Goti linauma, halijui adabu. Cherehani bado inanilisha. Huo mji ni wetu! Nilizaliwa hapo, tukahamishwa nikiwa mdogo ili bwawa lijazwe. Nakuja, nikauone mlango wa kwetu kabla sijafa.

Baba yako


20 Agosti

Baba, shikamoo, na usije! Amri imetoka: yeyote atakayeonekana mjini apigwe risasi. Kaa na cherehani yako, nakusihi. Nijibu haraka.

Mwanao


9 Septemba

Shikamoo baba,

Hujajibu. Jana zamu ilikuwa yangu. Alitoka na ufagio wake, mkuu akasema piga, nikapiga. Alidondoka kama nguo kutoka kambani. Tulipofika hapakuwa na maiti. Palikuwa na maji tu, ya baridi, juu ya udongo uliopasuka.

Ng'ambo wanadai tumemuua raia wao na lazima walipize kisasi. Mimi hayo sina haja nayo. Baba, alikuwa anachechemea kama wewe. Ulikuja? Niambie hukuja.

Mwanao


17 Septemba

Mwanangu, mama yangu,

Futa machozi, niko nyumbani. Goti lilivimba nikalazwa hospitali, ndiyo sababu ya kimya changu. Barua yako nimeisoma jana niliporudi.

Mzee wa kofia, anayechechemea, anayefagia kabla hajasema na mtu: huyo ni babu yako. Maji yalipoletwa alikataa katakata kuhama. Alijifungia ndani, tukaondoka bila yeye. Hatukumzika.

Redio inasema vita haviko mbali, na sababu ni huyo raia aliyeuawa. Barua hii nimempa dereva wa lori la maji aniwahishie. Ukiipata tu, nenda kwa mkuu wako, na hao wa ng'ambo nao wasikie. Waambie uliyempiga alikufa kabla wewe hujazaliwa. Watakucheka. Waambie hivyo hivyo.

Baba yako