Kichwa Kiliniuma, Nikaidharau Kazi ya Rafiki Yangu

Mshauri wetu mpendwa, nimekata shauri nikuandikie wewe, maana jambo hili nikimwambia mume wangu atanicheka na nikiwaambia wanangu watanikimbiza hospitali kabla sijamaliza sentensi, basi naomba unisikilize mpaka mwisho ndipo unigombeze.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka hamsini na tatu, nashona sare za shule, na kwa miaka ishirini na saba sijawahi kumwambia mteja arudi kesho eti kwa sababu naumwa, hata mara moja, ndiyo maana mtaani wananiita Jiwe, jina ninalolipenda kuliko hata nililopewa na wazazi. Lakini ukweli ni kwamba huu ni mwaka wa pili nyonga zinanivuta nikiinuka kwenye cherehani, na kichwa kinaniuma upande mmoja, kile wanachokiita kipandauso, jua likinipiga kidogo tu naona vimulimuli, na sijamwambia mtu yeyote.

Rafiki yangu tangu tukiwa wasichana ni fundi wa kuchomelea vyuma, mwanamke kama mimi, tunamwita Cheche, na karakana yake iko nyuma ya duka langu. Mwaka huu alipata kazi kubwa kuliko zote alizowahi kufanya, vyuma vya kushikilia kwenye ngazi mpya za kilima cha bustani ya mji, ngazi mia moja na sitini toka chini mpaka kileleni. Wanaume watatu waliitaka kazi ile, akapewa yeye. Alipomaliza alikuja dukani mikono bado ina masizi, akaniambia, "Jumamosi funga duka. Nataka wewe ndiye uwe mtu wa kwanza kupanda na mimi. Tubebe chakula, tushinde huko kutwa."

Mshauri, Jumamosi hiyo niliamka kichwa kinapwita, nikameza vidonge viwili vya maumivu, sikula kitu kwa sababu moyo ulikuwa unachafuka, nikavaa gauni langu zuri nikaenda. Tulipofika pale chini nikamdanganya kuwa naenda msalani, nikameza viwili vingine. Ilikuwa saa tano, jua linapiga kwenye vyuma vipya linanirudia machoni, na yeye anapanda huku ananieleza, hapa nilikunja hivi, hapa nilisugua mpaka kiganja kisikwaruzike, na mimi nyonga zinawaka, kichefuchefu kimenifika kooni, na tuko ngazi ya arobaini tu. Akageuka, uso wote unang'aa, akaniuliza, "Unaonaje, dada?"

Nikajua nikisema naumwa atanishika mkono anishushe kama kikongwe mbele za watu. Ndipo nikasema, Mungu anisamehe, "Naona vyuma. Vyuma ni vyuma tu. Turudi, nina sare za kumalizia."

Aliuchukua mfuko wa chakula ambao hata hatukuufungua, akashuka mbele yangu. Tulipofika mlangoni kwangu akasema tu, "Haya, kazi njema."

Siku nne nilikuwa nashona na kufumua, nashona na kufumua. Siku ya tano nikaamua kurudi kule peke yangu, asubuhi kabla jua halijawa kali, nimekula nikashiba, kofia kichwani na chupa ya maji mkononi. Nilipanda taratibu, ngazi kumi napumzika, ngazi kumi napumzika, na ndipo nikaona kitu ambacho Jumamosi sikukiona kwa ule upofu wangu. Vyuma viko viwili, kimoja juu kama kawaida, na kingine chini yake, kimekaa pale hasa mkono unapotafuta pa kushika ukiwa unainuka kutoka kwenye mabenchi ya kupumzikia yaliyo kando ya ngazi. Nikamwuliza mtunza bustani aliyekuwa anafagia, kwa nini viwili?

Akacheka. "Mama fundi alitusumbua huyo! Mchoro ulikuwa na kimoja. Akagoma kabisa kumaliza mpaka akaruhusiwa kuongeza cha pili. Anasema ana rafiki yake nyonga zinamtesa na hataki kusema, na ukimshika mkono anakasirika, basi afadhali ashike chuma."

Nilikaa kwenye benchi nikalia. Kisha nikainuka kwa chuma kile kile nikapanda ngazi zote mia moja na sitini, nilitumia saa mbili, na kila kiungo nilikipapasa kwa vidole, maana mimi ni fundi na mshono mzuri naujua, sikukuta hata kimoja kinachokwaruza. Kule juu palikuwa na mtu na mkewe wanapiga picha, nikawaambia bila kuulizwa, "Vyuma hivi amevitengeneza rafiki yangu." Mshauri, nina fahari mpaka kifua kinaniuma, lakini mtu pekee ambaye sijamwambia ni yeye mwenyewe. Sasa hivi tunasalimiana kama wapangaji. Nikimwomba radhi itabidi niseme naumwa, na nikisema naumwa, Jiwe ndiyo basi tena. Nifanye nini?

Fundi Cherehani

MSHAURI ANAJIBU:

Dada Fundi, kwanza pokea hongera zangu. Ngazi mia moja na sitini kwa nyonga hizo si mchezo, nimesoma barua yako nikajikuta nimesimama. Pongezi zimekwisha, sasa kaa nikugombeze.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe una bahati, umeumbuliwa na chuma. Miaka miwili ulidhani unailinda heshima yako, kumbe anayeilinda ni Cheche. Alijua, akanyamaza, akagombana na wakubwa kwa ajili yako, na alipokuonyesha ukamwambia vyuma ni vyuma. Hicho ndicho kilichomuuma. Na hilo jina la Jiwe acha kuliogopea, watu walikupa kwa sababu sare zao huwa tayari shule zikifunguliwa. Zitaendelea kuwa tayari.

Vidonge vinne asubuhi moja, tumbo tupu? Usirudie. Nenda kwa daktari wiki hii, mweleze kipandauso na nyonga zote mbili, akupime presha, na macho pia, maana kazi yako ni ya kutunga uzi. Siku kichwa kikija ghafla kwa ukali ambao hujawahi kuuona, au mkono ukalegea, au maneno yakakwama, usingoje miadi, kimbilia hospitali. Na safari ikija, toka mapema, kula, kunywa maji, vaa kofia, na dalili ya kwanza ikianza mwambie mwenzako hapo hapo, "Kimeanza," mtafute kivuli. Neno moja. Halimpunguzii mtu utu wake.

Kuhusu Cheche, nenda leo kabla hajawasha mashine, maana huwezi kumwomba radhi mtu aliyevaa barakoa ya kuchomelea. Usitume ujumbe kwenye simu, na usimtume mwanao. Anza na "nilikukosea", ugonjwa useme baadaye. Ukianza na ugonjwa, radhi inageuka kuwa kisingizio. Kisha mwambie yeye, usoni, yale uliyowaambia wale wageni kule juu. Ni yake, umekaa nayo muda mrefu mno.

Akikasirika, mwache akasirike mpaka amalize, usijitetee. Akinyamaza, usiondoke. Vuta kiti ukae humo humo karakanani mpaka aseme neno, hata likiwa la kukufokea. Sasa weka gazeti chini, uende.