Pasi Aliyoiona Bruda Pietro

Matiri, Mbinga

Mjukuu wangu Boni,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Huku tu wazima. Kahawa inaiva, na bibi yako amepona kifua. Tumesikitika kusikia kwamba goti limekutoa uwanjani. Umeniuliza kama mtu aliyezoea kucheza anaweza kuridhika na ukocha.

Ujanani mwangu, timu ya parokia yetu ilifundishwa na Bruda Pietro, Mwitaliano. Kwao alikuwa kiungo hodari hadi alipovunjika mguu. Sisi tulimjua akichechemea. Siku moja tulishuka ziwani kucheza na vijana wa Mbaha. Kipindi cha pili mwenzetu mmoja akaumia, na hatukuwa na mchezaji wa akiba.

"Bruda, ingia wewe," tukamsihi.

Akautazama uwanja kwa muda mrefu, kisha akatikisa kichwa. "Chezeni. Mimi nabaki hapa."

Baadaye mpira ukanifikia katikati. Nikamwona mshambuliaji wetu akichomoka, nikampenyezea pasi, akafunga. Wote wakamkimbilia yeye. Bruda peke yake alinijia mimi, akichechemea, machozi yakimlengalenga.

"Pasi hiyo niliiona kabla hujaipiga," akasema. "Nikaogopa hutaiona."

Akanikumbatia huku akicheka, utadhani yeye ndiye aliyefunga.

Sijui kama aliridhika, mjukuu wangu. Hilo sikumuuliza. Ila tulipokuwa tunapanda milima kurudi nyumbani, aliimba kwa Kiitaliano njia nzima, nasi tukaitikia bila kuelewa hata neno.

Ni mimi babu yako,
Kosmas