Daktari wa Timbwani

Abdulghani, leo nimeumbuka.

Kile kiolezo cha bure cha programu za vinasaba, wanachoanzia kazi wanasayansi, si nilikwambia nimekirekebisha? Katika kujaribu nilijaza kwa mzaha sehemu ya jina la mwandishi: "Dkt. Abubakar, Maabara Kuu ya Timbwani." Nikasahau kufuta. Wenye mradi wakapokea hivyo hivyo.

Wallahi, wamepokea.

Sasa kila anayeanza kazi mpya duniani anakuta jina langu. Mama mmoja wa Norwei kaniandikia: "Daktari, vinasaba vya samaki wangu havisomeki, nisaidie."

Rahima hapa nyumbani kacheka mpaka kaketi chini. "Mjibu mwenzio, daktari wa kuchomelea mageti."

Nimetuma marekebisho mbio, jina litolewe. Sababu nikaandika: daktari amestaafu.

Kwani uongo? Si nimestaafu kweli, japo ni mageti?

Sasa wananishukuru kwa utumishi wangu, na yule mama anauliza maabara nimemwachia nani.