Kuingia Kivukoni Kinyumenyume

Nyumba ya Mwisho,
Nyuma ya Karakana ya Mabati.
Jumanne, tarehe 9.

Mpendwa mdogo wangu Kidevu,

Hujambo wewe? Na ule mguu uliovunjika, umekubali kukanyaga chini au bado unadeka? Sisi huku wazima. Wifi yako mzima, na mdomo wake mzima zaidi. Mimi nimebakiwa na meno sita, yanatosha kukucheka.

Sasa kaa vizuri. Nakuja! Nakuja na gari langu, usukani nimeushika mwenyewe, wifi yako kando, tangu alfajiri barabarani, kisha kivuko mpaka hapo kisiwani kwako. Miaka kumi na moja hatujaonana, inatosha.

Lakini nusura nisije. Kivuko chenu kina mlango mmoja tu, kwa hiyo magari huingia kinyumenyume. Binti yangu muuguzi aliposikia hivyo akatia ufunguo mfukoni. "Baba, wewe hujui kurudi nyuma. Utamwogesha mama na nguo zake." Kweli tupu. Miaka ishirini nina gari, na ni heri nizunguke mtaa mzima kuliko kurudi nyuma hatua tatu.

Tukapatana: anipe ufunguo nifanye mazoezi, kisha siku ya mtihani nipite kinyumenyume katikati ya mapipa mara tatu bila kugusa. Nikigusa, safari imekufa, nikuandikie barua tu mpaka niingie kaburini.

Siku ya kwanza niliangusha mapipa matano. Ya pili nikaanua nguo zote za wifi yako kwa bampa. Akapiga kelele, "Mzee, hizo ni nguo, siyo abiria!" Dereva wa gari la taka, anayerudi nyuma vichochoroni kila asubuhi, alinicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema, "Babu, unakata usukani kama unachinja kuku. Kata kidogo, halafu ngoja mkia ujibu."

Ngoja mkia ujibu! Darasa la nne nililoishia halikunifundisha hilo.

Jana, siku ya mtihani, mtaa mzima ulikuja kutazama nikiaibika. Mara ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Ya tatu jasho lilinitiririka hadi kwenye soksi. Bampa likapita pipa la mwisho, kidole hakipenyi katikati, na halikugusa! Nilipiga honi hadi mbwa wakajibu. Binti akaniachia ufunguo moja kwa moja, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kiti cha nyuma kina nafasi?" Nikamwambia apange foleni.

Tiketi ninayo: Jumamosi ya wiki ijayo, kivuko cha saa nane mchana. Na sikiliza, anayeingia kwa makalio hutoka kwa uso. Simama hapo gatini, kitu cha kwanza kushuka kitakuwa sura yangu.

Nisalimie shemeji seremala na mwanao mwalimu, mwambie asinisahihishe barua hii. Mungu akutie nguvu mguuni usimame bila kuegemea mtu.

Wako akupendaye kuliko unavyostahili,
Kaka yako Kipara, dereva.