Supu ya Papai Bichi

Al Khoudh, Jumatano

Mikono imefuata mazoea tu. Asubuhi nimekaanga samaki kwa tangawizi, nikatia maji ya moto na papai bichi, nikachemsha mpaka supu ikawa nyeupe, kama alivyonielekeza kwa simu kutoka China mama wa mkamwana wangu Lin, Lin mwenyewe akitufasiria. Mwezi mzima baada ya kujifungua, mzazi hapewi cha baridi. Hilo hata sisi wa Unguja tunalo.

Nikampelekea Lin kitandani. Akainywa yote, akaniuliza taratibu, "Mama, hii si ya kuongeza maziwa?"

Nikakaa chini. Mtoto tumemzika Jumapili, na mimi nampikia mama yake supu ya maziwa.

Mwanangu Salim kanambia niache kupika kabisa. Sasa mkewe ale nini? Kifua kimemjaa, kanga imerowa. Nnajua chakula cha kila mzazi, cha mzazi asiye na mtoto sikijui.

Jioni mama yake Lin kapiga simu. Hajaambiwa bado habari ya msiba, Lin hataki. Walipomaliza nikamuuliza wamezungumza nini.

"Kauliza kama maziwa yanatoka. Nimemwambia ndiyo, mengi."