Nilishatangaza Pikipiki Mupya Kanisani, na Bwana Yangu Anakatala

Maman Annonciata mupenzi, mushauri wetu wa redio, naomba unisaidie mbio mbele ya siku ya Mungu, juu mwenzako roho inacheza, hata kula sikuli muzuri, lakini ni ya furaha, usifikiri kuna matanga!

Mi ni Fortunée, muke ya Lwaboshi. Hapa kambini Dzaleka banatujua juu ya pikipiki yetu, ile inalia prrraaa, ukiwa jikoni unasikia tu unasema Lwaboshi huyo, anatoka Lilongwe, na bamama banatoka na mabeseni, juu hiyo njo inaletaka nyanya na dagaa ya soko ya Area 25, na mi njo nauzisha. Hatuna kazi ingine, batoto banakula hapo.

Sasa nilienda kwa Fidès, ule Murundi anashonaka nguo karibu na kanisa, ule bwana yake alihamaka akarudi, iyo nitakuambia siku ingine, akanionyesha pikipiki mupya ya huyo bwana. Nyekundu! Inangaa mpaka unajiona ndani! Anasema kuna magazini moja ya kuuzisha pikipiki kule Kanengo, unapeleka pikipiki ya zamani, hata ikuwe mbaya namna gani, iwake tu, banakupunguzia bei ya mupya, na ile inabakia unalipa kidogo kidogo kila juma. Na bwana yake, maman, yeye hakukuwa hata na ya zamani, alikuwa anatembea na miguu, na balimupunguzia ile ile! Unaona bale batu bako na roho nzuri? Nikasema Mungu ametukumbuka.

Nikakimbia kwa Lwaboshi. Akacheka. "We Fortunée, hii pikipiki inakosa nini?" Nikasema inakosa adabu, inakunywa mafuta sawa mulevi! "Na hii chuma ya nyuma ule fundi Manirakiza alinichomea, nabeba nayo magunia? Ile nyekundu ya kwa Fidès itabeba nini, sakoshi ya bamama?" Nikamuambia, we mwanaume, unapenda hiyo pikipiki kuliko mi. Akasema, "Hii nikiizima, inanyamaza."

Unasikia matusi?

Basi siku ya Mungu pasta akauliza nani iko na ushuhuda, nikajikuta nimeshasimama, nikasema Mungu ametupa pikipiki mupya! Korali bakapiga vigelegele, mi nikacheza, kitambaa ikaanguka. Sasa bamepanga kuja kwetu siku ya Mungu hii na ngoma, pasta aibariki, Ernestine wa korali ameshanunua unga ya mandazi. Lwaboshi alikuwa amekaa nyuma, tangu pale anasugua tu ile ya zamani. Na Kanengo banasema mwisho ni siku ya tano. Maman, niipeleke Lwaboshi akienda kuoga? Funguo najua anafichaka wapi. Kuna fundi atanisukumia mpaka barabarani isilie, halafu aiendeshe mpaka Kanengo. Ile kupunguziwa inatufaa ao hapana? Jibu mbio!

Fortunée

*

Fortunée dada yangu, acha funguo pale iko. Tuanzie hapo.

Barua yako nimeisoma mpaka benzangu ba hapa redio bakakuja kuuliza nacheka nini. Furaha yako naielewa, hata mi kitu nyekundu inanivuta. Lakini we unaongea mbio mpaka maneno yako yenyewe inakupita. Jibu umeliandika mwenyewe, kati ya umbea ya Fidès na bwana yake! Umesema hakupeleka pikipiki yoyote, na balimupunguzia ile ile. Sasa we yako unapeleka ya nini? Iyo ni bei ya kila mutu anaingia pale mulangoni. Yako banaibeba bure, na chuma ya Manirakiza juu yake, banauzishia mwingine, na we unapiga magoti unasema zikomo, aksanti!

Tena ile mupya unalipa kila juma, na mizigo inabeba nusu. Juma nyanya ikioza, utalipa na nini? Utabapelekea ushuhuda? Na kungoja bwana aingie kuoga umuibie kitu inalisha batoto benu, mama muzima, aibu. Usirudilie hata kuifikiri.

Na we Lwaboshi, najua unasikiliza, acha kucheka, funga meno. Pikipiki inakunywa mafuta vile haiponi juu ya kusuguliwa na kitambaa. Juma hii ipeleke kwa fundi afungue kabureta. Muke yako ameona shida ya kweli, dawa tu njo alikosea. Siku munataka mupya, muuzishe hii hapa kambini, kwa mutu anaijua na chuma yake, halafu muende Kanengo mikono mitupu sawa bwana ya Fidès. Hapo njo mutapata faida.

Siku ya Mungu usiifute, unga ya Ernestine isiharibike. Fortunée, simama pale pale kanisani ulisimamaka, mbele pasta hajauliza, useme: nilimutangulia Mungu, pikipiki ni ile ile, muje muibariki vile iko. Batacheka. Acha bacheke, we umebachekesha bangapi? Halafu bakifika kwenu, Lwaboshi aiwashe mbele ya mulango, ipige prrraaa yake yote.

Utaona bamama ba korali banaacha ngoma, banakimbia kutafuta mabeseni.