Dereva Wekoye na Karantini ya Ng'ombe

CHAMA CHA WENYE MALORI, KITALE NA BUNGOMA

Kumbukumbu za kikao cha dharura cha Kamati, Jumatano, tarehe 15 Machi 1989.

Asubuhi ilikuwa ya baridi. Ukungu ulikaa hadi saa tatu na Mlima Elgon haukuonekana. Mawingu ya mvua yalikuwa upande wa Kiminini.

Mahali: stoo ya nyuma ya duka la spea la Bw. Avtar Singh, Kitale.

Waliohudhuria:
Bw. Avtar Singh, Mwenyekiti
Bw. Kinyua, Makamu (Kibomet)
Bi. Nyaruai, Mweka Hazina
Bw. Nyongesa, mjumbe wa Bungoma
Bi. Jelimo, Katibu

Walioitwa: Bw. Kiplangat, daktari wa ng'ombe, na Bw. Wekoye, dereva mpya wa Bi. Nyaruai.

Hakuhudhuria: Bw. Kailash, mjumbe. Alileta ufunguo wa stoo saa nne kasorobo, akaulizwa kama anaingia, akasema haingii.

KUMB. NA. 1/3/89: KUFUNGUA

Bi. Nyaruai aliomba. Mwenyekiti alisema sala hiyo inatosha dini zote zilizopo, kwa kuwa muda umekwenda.

KUMB. NA. 2/3/89: KUMBUKUMBU ZILIZOPITA

Katibu alisoma kumbukumbu za tarehe 8 Februari. Bw. Kinyua alilalamika kwamba hali ya hewa iliandikwa kabla ya majina ya wajumbe, na kwamba kumbukumbu za chama si shajara ya mtu. Katibu alieleza kwamba kwa watu wa malori mvua ni ajenda. Mwenyekiti alisema jambo hilo liachwe. Limeachwa.

Kwa faida ya walioitwa, Mwenyekiti alirudia azimio la siku hiyo na chanzo chake. Mwezi wa Januari dereva mpya wa Bw. Kinyua alizimia kwenye usukani karibu na Kamukuywa, lori likaingia shamba la miwa na kusimama lenyewe. Alipoulizwa kwa nini hakusema kwamba ana kifafa, alijibu kwamba hakuna aliyemuuliza. Ndipo Kamati ikaazimia kwamba kila dereva mpya ataeleza magonjwa yote aliyowahi kuugua tangu kuzaliwa, na atakayeficha hata moja ataondolewa. Kwamba atapimwa mwili kabla ya kushika gari. Na kwamba asiyemaliza safari yake ya kwanza haandikwi kazi.

Kumbukumbu zilithibitishwa, pamoja na hali ya hewa.

KUMB. NA. 3/3/89: KUPIMWA KWA BW. WEKOYE

Bw. Nyongesa aliuliza ni nani aliyemchagua daktari wa ng'ombe apime watu. Bw. Kinyua alijibu kwamba ni yeye, na hajuti. Alieleza kwamba hospitalini foleni ni ndefu, na daktari wa watu huanza kwa kumuuliza mtu anaumwa wapi, naye dereva anayetafuta kazi hawezi kusema. "Ng'ombe hasemi anaumwa wapi, na Kiplangat hujua. Dereva naye hasemi. Si hiyo ni kazi moja?" Aliongeza kwamba fahali wake wawili waliopimwa na Bw. Kiplangat walipata utepe kwenye maonyesho ya kilimo.

Bi. Nyaruai aliuliza kama fahali hao waliwahi kuendesha lori. Mwenyekiti aliomba heshima idumishwe.

Bw. Kiplangat alieleza alivyofanya kazi yake asubuhi ya jana, kabla ya safari. Alimtazama Bw. Wekoye meno, akambonyeza mbavu, akammulika machoni kwa tochi, akamtembeza kuzunguka pipa la dizeli ili aone kama anachechemea, kisha akampima kwenye mizani ya magunia. Alimkuta mzima. Akaandika cheti kwenye karatasi aliyokuwa nayo, akagonga muhuri.

Katibu aliombwa akisome kwa sauti. Kilisema: "Idadi: mmoja. Jinsia: dume. Rangi: nyeusi. Pembe: hana. Kwato: nzuri."

Mwenyekiti aliuliza kama neno "kwato" linaweza kufutwa. Bw. Kiplangat alijibu kwamba cheti chenye kufutwafutwa hakikubaliki popote.

Bw. Nyongesa aliuliza ikiwa mtu huyu alikutwa mzima, matatizo yametoka wapi. Bw. Kiplangat alisema yametoka kwenye maelezo. Alikuwa ameshagonga muhuri Bw. Wekoye alipotakiwa aeleze magonjwa yake, kama azimio linavyosema. Bw. Wekoye alianza na surua, akapitia funza, malaria za kila mwaka na kuumwa na punda, akamaliza na jino alilong'olewa Krismasi. Katikati ya maelezo hayo alisema kwamba mwaka 1979, alipokuwa akikata miwa, alitoka vidonda mdomoni na katikati ya vidole vya miguu kwa wakati mmoja.

"Mimi nilifunzwa kitu kimoja," Bw. Kiplangat alisema. "Mdomo na miguu vikiugua pamoja, funga boma. Sikuuliza ni boma la nani." Aliandika chini ya cheti, akakikunja na kumkabidhi Bw. Wekoye bila kukisoma kwa sauti: "Ashukiwa kuwahi kuugua ugonjwa wa miguu na midomo. Asitoke wilayani hadi karantini iondolewe."

Mwenyekiti alimuuliza Bw. Wekoye kwa nini alitaja vidonda vya miaka kumi iliyopita. Alijibu: "Wazee, mlisema nikificha hata moja naondolewa. Nimesema yote, na sasa nimefungiwa. Sasa mlitaka niseme ngapi?"

Mwenyekiti alisema kikao kiendelee na ajenda inayofuata.

KUMB. NA. 4/3/89: LORI LA BI. NYARUAI

Bi. Nyaruai alitoa taarifa kwamba jana lori lake, lenye mbegu za mahindi za watu wa Bungoma, lilisimamishwa kwenye kizuizi cha karantini ya ng'ombe, njia ya Bungoma. Afisa hakutaka kuona leseni. Alitaka vyeti vya mifugo. Bw. Wekoye, akidhani ndicho kinachotakiwa, alitoa cheti chake. Afisa alikisoma, akamzunguka Bw. Wekoye mara moja, akaamua kwamba lori lipite, mbegu zipite, taniboi, yaani msaidizi wa dereva, apite, lakini dereva arudi. Taniboi hajui kuendesha. Lori liko pale hadi sasa na turubai limechanika.

Alisema watu wa Bungoma wameshalima na wanangoja. Mbegu zikilowa zitaota ndani ya gunia. "Na mimi sitaki kusimama hapa kuambiwa habari za fahali wa Kinyua, na lori langu linaota majani."

Bw. Kinyua alitaka maneno hayo yaondolewe. Mwenyekiti alisema yameshasikika.

KUMB. NA. 5/3/89: KUTAFUTA DEREVA MWINGINE

Mwenyekiti alipendekeza dereva mwingine atumwe leo. Ilionekana kwamba madereva wa zamani wote wako safarini, wengine Lodwar, wengine Lwakhakha, na dereva mpya yeyote lazima apimwe na Bw. Kiplangat kwanza.

Bw. Nyongesa alikumbusha kwamba Mwenyekiti na Makamu wote wana leseni za malori. "Nyinyi ndio mlianza hii kazi, bana. Shukeni tu mkachukue gari." Bi. Nyaruai aliunga mkono, kwa sharti moja: kwa kuwa lori hilo halijawahi kuendeshwa na hao wawili, kwake ni madereva wapya, kwa hiyo waeleze magonjwa yao hapa mbele ya Kamati kama mwenzao.

Bw. Kinyua alisema ana goti, kisha akaomba goti lisiandikwe. Mwenyekiti alisema kwamba afya yake inajulikana na Mungu na mke wake Dayawanti, na kwamba hata Dayawanti hajaambiwa yote. Wote wawili walisema wana shughuli nyingine leo.

Bw. Kiplangat aliombwa afute cheti. Alikataa. "Nikiandika leo kwamba huyu ni mtu, nitaulizwa kwa nini jana nilimtazama kwato. Nina watoto shuleni, Bwana Mwenyekiti."

KUMB. NA. 6/3/89: KIBALI

Bw. Kiplangat alishauri kwamba kanuni inaruhusu njia mbili tu za kutoka kwenye karantini. Ya kwanza ni kungoja iondolewe, na hajui lini. Ya pili ni kibali cha kupelekwa machinjioni. Machinjio ya Bungoma yamo kwenye orodha.

Bw. Kinyua alipendekeza njia ya pili. Mwenyekiti aliunga mkono. Bi. Nyaruai alisema hapendi, lakini mawingu anayaona.

Bw. Wekoye aliulizwa kama anakubali kusafiri kwa kibali hicho. Alieleza kwamba amekaa bila kazi tangu msimu uliopita, na kwamba safari hii isipokwisha jina lake halitaandikwa. Kwa hiyo kwenda atakwenda. Aliuliza swali moja: "Na kurudi je? Mke wangu na watoto wako Tuwan, hapa Kitale. Nikishachinjwa huko Bungoma, nyumbani nitaingia na karatasi gani?"

Bw. Kiplangat alitazama kitabu chake cha fomu mwanzo hadi mwisho. Alisema hakuna fomu ya kurudi kutoka machinjioni, na kwamba katika kazi yake yote hajawahi kuulizwa.

Mwenyekiti alisema suala la kurudi liwekwe kwenye ajenda ya Aprili. Bw. Nyongesa aliuliza kama mtu akae Bungoma mwezi mzima akingojea ajenda. Bw. Kinyua alisema Bungoma si pabaya. Bw. Nyongesa alisema anajua, yeye anaishi huko.

Kibali kilipitishwa kwa kura tatu. Bw. Nyongesa hakupiga. Bw. Wekoye aliomba iandikwe kwamba aliuliza. Imeandikwa.

KUMB. NA. 7/3/89: BARUA

Katibu aliomba ruhusa ya kutoa hoja. Alipendekeza chama kiandike barua ambayo Bw. Wekoye ataonyesha kizuizini wakati wa kurudi, yenye maneno haya: "Mwenye barua hii ni mtu. Ni dereva. Anakwenda kwake Tuwan."

Bw. Kinyua alipinga. Alisema Kamati haina utaalamu wa kuamua jambo hilo, na kwamba tayari kuna cheti cha mtaalamu kinachosema tofauti. Bi. Nyaruai alimwomba Bw. Wekoye asimame ili Bw. Kinyua amtazame vizuri. Bw. Wekoye alisimama. Bw. Kinyua alisema halikuwa suala la kutazama.

Mwenyekiti alipendekeza maneno yalainishwe yawe: "Mwenye barua hii ni mtu, kwa kadiri Kamati inavyofahamu." Marekebisho yalikubaliwa na wote, akiwemo Bw. Kiplangat, ambaye hana kura.

Mwenyekiti alipopewa barua atie sahihi alisema yeye si daktari. Makamu alisema amesahau miwani. Mweka Hazina alikuwa ameshatoka kutafuta gari la kumfikisha Bw. Wekoye kwenye lori.

Katibu aliitia sahihi peke yake. Hakuandika "kwa kadiri Kamati inavyofahamu", kwa sababu nafasi haikutosha.

KUMB. NA. 8/3/89: MADEREVA WENGINE WAPYA

Watu watatu waliokuwa wakingoja uani kuomba kazi, chini ya dirisha la stoo lisilo na kioo, waliitwa mmoja mmoja waeleze magonjwa yao.

Wa kwanza alisema hajawahi kuugua. Wa pili alisema hajawahi kuugua, na kwao hakuna aliyewahi. Wa tatu alisema hivyo hivyo, akakohoa, akaulizwa ni nini, akasema ni kicheko.

Mwenyekiti alipongeza hali ya afya ya vijana wa siku hizi. Kamati iliridhika kwamba azimio la Februari linafanya kazi.

KUFUNGA

Kikao kilivunjika saa nane na dakika tano bila sala, kwa sababu aliyeomba mwanzoni alikuwa ameondoka. Matone ya kwanza ya mvua yalikuwa yameanza.

Sahihi:

Avtar Singh, Mwenyekiti (kumbukumbu tu, si barua)

Jelimo, Katibu (vyote viwili)

Nyongeza ya Katibu: Ijumaa, tarehe 17 Machi, mvua tangu alfajiri, Bi. Nyaruai alipita ofisini. Alisema lori lilivuka siku ile ile ya kikao na mbegu hazikulowa. Jana jioni Bw. Wekoye alirudi na lori tupu. Afisa wa kizuizi alisoma barua mara mbili, akauliza huyu Jelimo ni nani. Akaambiwa ni katibu. Akasema basi sawa, apite. Jina la Bw. Wekoye limeandikwa kwenye orodha ya madereva.

Nakala safi ya kumbukumbu hizi ilimalizika usiku wa Ijumaa hiyo, goti la Bw. Kinyua likiwamo. Katibu alilala saa nne na nusu.